Uzito wa Mwanga

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii ndiyo aliyotupiwa binti mmoja, mwanafunzi wa uzamili, na wenzake wa bwenini walipomkuta jioni moja amezipanga kurunzi tatu kitandani, mizani ndogo ya jikoni mapajani, akiandika gramu daftarini mithili ya sonara. Likizo ya Agosti ilikuwa imewadia. Wanafunzi wanne walikuwa wameazimia kuupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, hadi kilele cha Lenana chenye kimo cha mita 4,985. Wenzake walikwisha kufunga virago. Yeye alikuwa angali anachagua taa.

Kicheko chao hakikukosa sababu. Mkazi wa mjini huidhania kurunzi kuwa kitu cha dharura tu, cha kutafutwa stima inapopotea na kusahauliwa inaporudi. Mlimani mambo ni kinyume. Kwa kuwa mlima huo umekaa jirani na ikweta, usiku wake huchukua takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Aidha, ni desturi ya wapandaji kuondoka kambi ya Shipton, iliyo kwenye mita 4,200 hivi, mnamo saa nane au saa tisa za usiku ili jua liwakute kileleni. Kwa hivyo, sehemu ngumu kuliko zote hupandwa gizani. Mguu huwekwa pale taa ilipoonyesha, na changarawe za mteremko ule hazimsamehi anayekanyaga kwa kukisia.

Kurunzi ya kwanza ilikuwa ya babu yake: ndefu, ya bati, yenye kumeza betri tatu kubwa. Mwanga wake ulikuwa wa kutegemewa, lakini betri zake pekee zilizidi gramu mia nne. Ya pili aliinunua kwa mchuuzi mmoja jijini Nairobi. Ilikuwa ndogo kama kidole gumba, na uzito wake haukuifikia hata betri moja ya ile ya babu. Fauka ya hayo, kipakiti chake kilijigamba kwa maelfu ya lumeni. Ya tatu ilikuwa taa ya kichwa, ile ifungwayo kwenye paji la uso kwa mkanda na kuiacha mikono miwili huru. Pamoja na betri zake tatu nyembamba, ilikuwa na gramu themanini na kitu.

Haba na haba hujaza kibaba, naye alikuwa ameamua kuziogopa gramu. Moyo wake ukaegemea ile ya kidole gumba. Hata hivyo, usiku huo aliziwasha zote tatu, akazitegea saa. Kabla ya usiku wa manane ile ndogo ilikuwa imefifia kama kimulimuli aliyechoka. Hapo alielewa kwamba lumeni za kwenye kipakiti hueleza nguvu ya taa inapowashwa tu, ikiwa zimeandikwa kwa ukweli. Hazisemi lolote kuhusu saa ya tano. Hata zile saa za kudumu ambazo watengenezaji waaminifu huzitaja huhesabiwa hadi mwanga unapobaki asilimia kumi ya ulivyoanza. Lugha yenyewe inamwonya mnunuzi: mwanga ni nuru, na mwanga pia ni mchawi azungukaye usiku. Ngeli ndiyo inayowatenganisha.

Jaribio la pili lilikuwa la baridi. Aliziweka betri za kawaida za alkali katika sehemu ya barafu ya jokofu usiku kucha. Alipozitia katika taa ya kichwa, mwanga ulikuwa umenywea, kwa sababu baridi huidumaza kemia iliyo ndani ya betri hizo. Betri za lithiamu zisizochajiwa huistahimili baridi vyema zaidi, na uzito wake ni kama thuluthi mbili ya zile za alkali. Ila bei yake ilimfanya afikirie chakula cha wiki nzima. Alizinunua. Ile taa ya kichwa ilikuwa na jambo jingine la kupendeza: kitaa chekundu kisichoyaharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza, kwani jicho lililomulikwa kwa mwanga mkali mweupe huhitaji karibu nusu saa kuyarudia mazoea yake.

Wakiwa njiani kwenda mlimani, alipitia kwa babu yake, nje kidogo ya mji wa Nanyuki, ili amrudishie kurunzi yake. Mzee huyo alikuwa mpagazi mlimani enzi za ujana wake.

"Babu, nakushukuru, ila hii ni nzito mno. Huko juu kila gramu ni adui."

"Mzigo wako mkubwa utabebwa na nani, mjukuu wangu?"

"Mpagazi, Babu."

"Basi hiyo gramu ni adui wa nani?"

Binti alinyamaza. Mzee aliipokea kurunzi yake, akaipangusa kwa kiganja. "Na huyo mpagazi, yeye atamulika kwa nini?"

Swali hilo halikuwa kwenye daftari lake. Alikuwa amesoma kwamba kilele cha Batian, chenye mita 5,199, kilifikiwa mwaka 1899 na Mackinder, Ollier na Brocherel. Vitabu vinayahifadhi majina hayo matatu. Makumi ya wapagazi walioibeba mizigo ya msafara ule hawakupata bahati hiyo. Mjini Nanyuki, akiwa na haya kidogo, alinunua taa ya pili ya kichwa. Aliitoa mkobani mara mbili, akairudisha mara mbili. Hatimaye aliitia katika mfuko wa koti lake mwenyewe, asije akambebesha mtu mwingine wema wake.

Waliondoka Shipton saa nane na nusu usiku. Kiongozi alitangulia, wanafunzi wakafuata, na nyuma kabisa akaja mpagazi mmoja aliyekuwa pia msaidizi wa kiongozi. Huyu alikuwa akimulika kwa simu. Walipokuwa wamepanda kwa muda wa saa moja na zaidi, mwenzao mmoja alianza kutapika, kisha akapepesuka kama mlevi. Kiongozi hakusita. Ugonjwa wa mwinuko unapomfanya mtu ashindwe kusimama sawasawa, tiba ni kuteremka, na kuteremka hakungoji mapambazuko. Mpagazi aliamriwa amrudishe kambini. Aliinua simu yake, ilikuwa imezimika. Baridi ilikuwa imeinyonya chaji, na kwa muda wasioujua alikuwa akitembea kwa masalio ya mwanga wa wengine.

Binti aliingiza mkono mfukoni. Akiba haiozi, ndivyo wasemavyo. Lakini akiba yake ilikuwa imelala mfukoni muda wote huo huku mwenye kuihitaji akipapasa mawe nyuma yake. Aliona haya kuliko alivyoona baridi. Mpagazi aliifunga taa kipajini, akampitisha mgonjwa mkono begani, na wote wakatazama kile kidoa cha nuru kikishuka polepole, hatua kwa hatua, hadi kikamezwa na bonde.

Jua liliwakuta Lenana watatu na kiongozi wao. Waliporejea Shipton walimkuta mgonjwa ameketi, amekumbatia kikombe cha chai, uso umeanza kupata damu. Mpagazi alikuja na ile taa, ameukunja mkanda wake vizuri.

"Ilitosha, dada," alisema.

"Baki nayo, kaka. Ningekupa tangu jana jioni."

Wenzake wa bwenini wangali wanamtania kwa ile mizani ya jikoni, naye hawajibu. Huenda ni kweli kwamba mchagua jembe si mkulima. Ila anayekwenda shambani na mwenzake hana budi kuchagua majembe mawili, na kulitoa la pili kabla hajaombwa.