Kitale na Bungoma: Mifupa ya Kale na Swali la Kijana Wetu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuamuru tutembee katika ardhi tuangalie vipi alivyouanzisha uumbaji. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Likizo iliyopita tulipata mwaliko wa akika kutoka Bungoma. Aliyetualika ni kijana aliyesoma chuoni kwetu zamani, na sasa anafundisha historia katika shule ya sekondari huko bara. Mwaliko ule ulitufurahisha, na kwa upande mwingine ulitutia haya. Kijana huyu, alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne hivi, alitujia na kitabu chake cha shule chenye picha ya mifupa ya kale iliyopatikana Turkana. Akauliza kwa adabu: "Maalim, na huyu naye ni katika wana wa Adam?" Nasi tulimwambia akae chini, asituletee mambo hayo mbele ya msahafu. Alikaa. Tangu siku ile mpaka alipohitimu hakutuuliza tena swali lolote.

Basi tulifunga safari, sisi na mama watoto. Kutoka Mombasa tulilala njiani hadi Nairobi, kisha tukapanda basi jingine kupitia Nakuru na Eldoret. Baridi ya huko si ya mchezo kwa mtu aliyezoea kaskazi na kusi. Kanzu peke yake haitoshi, na shali ya mama watoto tuliigawana. Kitale imezungukwa na mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho machoni, na upande wa magharibi umesimama Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba. Ni mlima mpana kuliko ulivyo mrefu, ingawa kilele chake kinafika mita 4,321.

Mwenyeji wetu alitupokea Kitale, na jambo la kwanza alilofanya ni kutupeleka makumbusho. Makumbusho hayo yana kisa chake. Mlowezi mmoja wa Kiingereza, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alikusanya ndege, wadudu, vitabu na silaha za jadi maisha yake yote, na mwaka 1926 akavifanya makumbusho yake binafsi. Alipofariki mwaka 1966 aliviacha viwe mali ya taifa, na jengo la sasa likafunguliwa mwaka 1974. Uani mna nyumba zilizojengwa kwa mitindo ya makabila ya magharibi, na nyuma yake kuna kipande cha msitu wa asili ambamo mtu hutembea kivulini akisikia ndege.

Tulipotoka, kijana alituonyesha barabara inayokwenda kaskazini. "Maalim," alisema, "hii ndiyo njia ya Kapenguria na Lodwar. Watafutaji wengi wa mifupa wamepita hapa." Tukafahamu kwamba alikuwa amelikumbuka swali lake, na sisi tulikuwa tumelikumbuka pia. Hatukusema kitu. Tulimwambia tu: "Tueleze, mwanangu."

Akatueleza. Mwaka 1984, karibu na mto mkavu wa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Mkenya aitwaye Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya changarawe, chenye rangi moja na mawe yaliyokizunguka. Kimeu alitoka Ukambani na aliianza kazi hii kama kibarua wa kuchimba, lakini jicho lake likawashinda wenye shahada. Kipande kile kilifuatwa na mifupa mingine mingi, hata ukapatikana karibu mwili mzima wa mtoto wa kiume ambaye hakuwa amekomaa. Wataalamu wanakadiria aliishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kaskazini huko huko, mahali paitwapo Lomekwi, yalipatikana mawe yaliyochongwa kwa makusudi, yenye umri wa miaka milioni 3.3.

Tukauliza umri huo hujulikanaje, kwani jiwe halina cheti cha kuzaliwa. Jibu lake lilikuwa wazi. Zamani volkano zilimwaga majivu juu ya nchi ile, tabaka juu ya tabaka. Ndani ya majivu mna madini ya potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka hewa iitwayo argoni, kidogo kidogo, kwa mwendo usiobadilika. Anayepima argoni iliyokusanyika hujua majivu yalimwagika lini. Na mfupa uliolala baina ya matabaka mawili una umri ulio kati yao. Tulistaajabu. Aliyeweka mizani katika mbingu ameiweka pia ndani ya chembe ya jivu.

Siku ya pili tulishuka Bungoma kwa matatu, tukipita Kiminini na Webuye, na muwa ukachukua mahali pa mahindi. Webuye pana kilima cha Chetambe, ambapo Wabukusu walijenga ngome ya udongo na wakapigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Wabukusu ni watu wa kuhifadhi nasaba. Wazee wao husimulia kwamba chimbuko lao ni Misri, na mzee mkubwa akifariki, msemaji maalumu husimama mbele ya watu baada ya maziko na kuwakumbusha walikotoka. Kijana wetu alitukumbusha kwamba hata katika kaunti jirani ya Busia, kwenye mwamba wenye michoro ya kale wa Kakapel, watafiti wamechimbua punje ya kunde yenye umri wa miaka 2,300 hivi. Mama watoto alicheka akasema, "Kumbe kunde hizi zetu zina nasaba ndefu kuliko ya wengi wetu!"

Akika ilisomwa, mbuzi akachinjwa, mtoto akanyolewa na kupewa jina. Jioni, wageni walipotawanyika, baba yake alimpakata, akatuuliza kama tunaijua Panga ya Saidi. Tulisema tunaijua kwa jina, kwani iko kwetu Kilifi. Na panga kwa Wamijikenda ni pango. Akasema: "Maalim, tumesafiri mpaka huku kuzungumza juu ya Turkana, na kaburi kongwe kuliko yote yajulikanayo Afrika liko nyumbani kwetu."

Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2021. Ndani ya pango hilo, watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nchi za nje walikuta mifupa laini mno ya mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu. Wakamwita Mtoto, kwa Kiswahili chetu. Ni binadamu kama sisi, na alizikwa miaka 78,000 iliyopita. Walimchimbia shimo kwa makusudi. Walimlaza kwa ubavu wa kulia, magoti wameyakunja kuelekea kifuani. Namna mifupa ilivyokaa yaonyesha kwamba sehemu ya juu ya mwili ilifungwa kwa kitu kama majani au ngozi, na kichwa kiliegemezwa juu ya kitu mfano wa mto, ambacho kimekwisha kuoza. Kisha wakamfukia kwa udongo wa pangoni.

Tulinyamaza kitambo. Sisi tumezika watoto wengi, ndugu wasomaji, mmoja wao wa kwetu wenyewe. Twajua namna mikono inavyotetemeka mtu anapomlaza mdogo ubavu wake wa kulia na kuweka udongo chini ya shavu lake. Hatusemi watu wale walikuwa na sharia yetu. Hilo hatuna dalili nalo. Lakini tulikumbuka kisa cha wana wawili wa Adam, na kunguru aliyetumwa kufukua ardhi ili amwonyeshe muuaji namna ya kumsitiri nduguye. Kumsitiri maiti ni elimu ambayo binadamu alifunzwa. Na hapa tumeoneshwa mzazi aliyeifanya kazi hiyo karibu na bahari yetu, kabla haijajengwa Mombasa wala Lamu, tena akamwekea mwanawe mto.

Ndipo tulipolijibu swali lililokaa miaka yote ile. Tulimwambia: "Mwanangu, kwanza tusamehe. Ulituuliza kwa adabu, nasi tukajibu kwa ukali, kwa kuwa hatukuwa na jibu na tuliona haya kusema hivyo." Kisha tukasema tulichokuwa nacho. Kwamba Adam, amani iwe juu yake, aliumbwa kwa udongo na kupuliziwa roho, hilo ni katika imani yetu na hatuliachi. Lakini Qurani haikututajia mwaka wake, na hakuna mfupa unaoweza kusema ulipuliziwa roho gani. Kuhusu yule wa Turkana, twasema Allahu aalam, na kusema hivyo ni nusu ya elimu. Ama huyu wa Kilifi, anayezika mtoto wake namna ile hatuoni tabu kumwita ndugu.

Kijana hakusema neno. Alimweka mwanawe mapajani mwetu.

Wazazi wenzetu na walimu wenzetu wa vyuo, haya ndiyo tuliyorudi nayo. Watoto wetu watasoma habari hizi shuleni, tupende tusipende. Mtoto anayekuja kwetu na swali ametuamini. Tukimfukuza, swali lake haliondoki. Yeye ndiye anayeondoka. Tumsikilize, tumwambie tunalolijua, na tusione aibu kukiri tusilolijua. Na vijana wetu wa Kilifi na Mombasa waende wakaisomee kazi hii, ili mifupa ya wazee wa ardhi yetu ishikwe na mikono inayojua heshima ya maiti.

Mwenyezi Mungu amkuze mtoto wa Bungoma katika twaa, awarehemu watoto wote waliotutangulia, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.