Mbwa Hafi Maji Akiona Ufuko

Siku za kwanza za mwezi wa Machi, mwambao wa Kashikishi huamka kabla ya jua kuchomoza. Mitumbwi iliyokuwa imelazwa mchangani imerudi majini, kwani upande wa Zambia uvuvi katika Ziwa Mweru kwa kawaida hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaana. Wanawake hushuka ufukoni na mabeseni vichwani kuwangoja wavuvi. Nyuma yao, pasipo kuitwa na mtu, hufuata mbwa.

Ni mbwa wa kawaida, wenye manyoya mafupi ya rangi ya mchanga, na mbavu zao zahesabika. Kwa Kibemba, lugha isemwayo sana mahali hapo, mbwa huitwa imbwa. Mgeni atokaye Tanga au Mombasa hahitaji mkalimani kwa neno hilo.

NCHI YA MAJI

Nchelenge ni makao ya wilaya katika Mkoa wa Luapula, kaskazini ya Zambia, na Kashikishi ni jirani yake. Ziwa lina urefu upatao kilomita 130. Mto Luapula huingia kutoka kusini, Mto Kalungwishi kutoka mashariki, na maji hutoka kaskazini karibu na Pweto, yakaitwa Mto Luvua katika safari yake ya kuelekea Mto Kongo. Ng'ambo ya magharibi ni nchi ya Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni.

Usiku wavuvi huwasha taa juu ya maji kuwavuta dagaa waitwao chisense. Asubuhi dagaa hao huanikwa juani. Hapo ndipo mbwa wa mwambao aonekanapo kuwa na sura mbili. Mchana ni mshukiwa wa wizi, naye hufukuzwa kwa fimbo na watoto walindao dagaa. Usiku, mwenye nyumba akiwa ziwani, mshukiwa huyo huyo ndiye anayekabidhiwa mlango, nyavu na magunia.

Ujira wake ni makombo: ugali wa muhogo uliobaki na vichwa vya samaki. Ziwa lifungwapo, chakula hupungua nyumbani, na wa kwanza kukosa ni yeye. Hivyo ziwa lifunguliwapo, si mvuvi peke yake afurahiye.

Askari polisi wajua namna nyingine ya kutunza mbwa. Mbwa wa kazi ana banda lake na maji safi, ana saa ya kula na saa ya zoezi. Kila asubuhi mwangalizi wake humpapasa masikio, macho na nyayo, akitafuta kupe na majeraha. Mbwa wa mwambao hufanya zamu ile ile ya usiku, lakini asubuhi hakuna amtazamaye.

MBWA ALIYESAHAULIWA

Nchi hiyo ina habari ya kale juu ya mbwa. Mwaka 1867, David Livingstone alipita kaskazini ya Zambia ya leo akiwa na mbwa mdogo aitwaye Chitane. Mbwa huyo alijifanya msimamizi wa msafara. Alikimbia mbele kumtazama aliyetangulia, kisha alirudi nyuma kumbwekea aliyechelewa. Penye kambi hakuwaruhusu mbwa wa vijijini kukikaribia kibanda, wala yeye mwenyewe hakuiba.

Tarehe 15 Januari msafara ulivuka kinamasi cha Chimbwe, chenye upana wa karibu maili moja, maji yakiwafika watu kiunoni. Livingstone alitangulia, akasahau kuagiza mtu ambebe Chitane. Watu waliofuata walishughulika na kujizuia wasianguke, kila mmoja na mzigo wake. Mbwa akapigana na maji katikati yao, na hakuna aliyemwona mpaka alipokwisha kufa. Livingstone alifika Mweru mwezi wa Novemba mwaka huo, bila ya mlinzi wake.

Kati ya watu hao wote hapakuwa na aliyemchukia mbwa huyo. Kilichomwua ni kwamba kumtazama haikuwa kazi ya mtu yeyote.

HATARI ILIYO MLANGONI

Kusahau kwa namna hiyo kwaweza kuua hata binadamu. Kichaa cha mbwa kipo Zambia, kama kilivyopo Kongo, Tanzania na Kenya. Ugonjwa huo huenezwa kwa mate ya mnyama mgonjwa, aghalabu kwa kuuma, na karibu wagonjwa wote wa kibinadamu huambukizwa na mbwa. Dalili zikishatokea kwa mtu, ni nadra mno apone. Miongoni mwa wanaokufa wamo watoto wengi, ambao ndio hucheza na mbwa na kumnyang'anya mfupa.

Hata hivyo, kinga ipo tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister aliyeumwa na mbwa. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yatiririkayo, kwa muda wa dakika 15. Kisha aende hospitali siku ile ile, na sindano zote azimalize kama atakavyoagizwa. Kwa watu wa Kashikishi, Hospitali ya Mtakatifu Paulo iko hapo hapo, lakini aishiye katika kambi ya uvuvi au Kisiwa cha Kilwa hana budi kuvuka maji kwanza. Jeraha dogo lisidharauliwe, maana dalili zaweza kukawia miezi miwili au mitatu.

Lililo bora zaidi ni kumchanja mbwa mwenyewe. Shirika la Afya Duniani husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Nyumbani nako yapo mambo mepesi: bakuli la maji kila siku, matumbo ya samaki yapikwe kwanza ili kuua minyoo, na kupe watolewe, hasa majira ya mvua. Watoto nao wafundishwe kutomgusa mbwa alaye au anyonyeshaye.

Jioni jua huzama upande wa Kongo, na taa za wavuvi huanza kuwaka moja moja juu ya maji. Mbwa hujikunja mlangoni, masikio wima. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Chitane hakuuona. Ufuko wa mbwa ni mwenye mbwa, na mwenye mbwa aliyekumbuka kumlisha na kumchanja amewalinda pia wanawe waliolala ndani.