Mwendo wa Kuongea

Sisi ni marafiki watano wa Segerea, jijini Dar es Salaam, na hakuna kati yetu aliyewahi kuvaa jezi ya taifa wala kushinda mbio zozote tangu zile za magunia katika shule ya msingi. Mmoja ni mwalimu mstaafu, mwingine muuguzi, wa tatu mhasibu, wa nne mama mwenye duka la vitenge, na wa tano ni kijana fundi umeme. Tangu mwezi Oktoba 2023 tumekuwa tukijiandaa kwa mbio za kilomita 21, zile ziitwazo nusu marathoni, na tumekwisha kuzikimbia mara tatu: Moshi, Dar es Salaam na Karatu. Wanaotukuta barabarani kabla ya mapambazuko hutuuliza tunatafuta nini. Swali ni la haki. Jibu tunalolitoa kwa haraka ni afya, nalo ni la kweli, ila si jibu lote.

Marathoni kamili ni kilomita 42 na mita 195. Kipimo hicho kilitumika katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, kikafanywa rasmi mwaka 1921. Nusu yake ni kilomita 21 na mita 97 na nusu, na asikudanganye mtu kwamba mita hizo za mwisho ni za mapambo. Kwa maoni yetu huu ndio umbali wa watu wa kazi. Marathoni kamili humtaka mtu aipe karibu maisha yake yote kwa miezi kadhaa. Kilomita tano huisha kabla jasho halijakolea. Kilomita 21 hudai siku moja ndefu kwa wiki na siku mbili au tatu fupi, kisha zinakuacha urudi dukani au wodini ukiwa mzima. Nchi yetu ina jina katika umbali huo, ingawa wachache hukumbuka kwamba mwaka 2005, huko Edmonton, Kanada, Mtanzania Fabiano Joseph alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni. Mwezi Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia jijini Tokyo, mtaa mzima ulipiga kelele. Mwalimu wetu alipiga kelele pia, halafu akatuuliza ni nani kati yetu anayemkumbuka yule wa Edmonton. Tukatazamana.

Mambo yetu yalianza kwa huyo Mwalimu. Mkewe alifariki mwaka 2022. Tulikesha naye msibani, tukazika, tukakaa hadi matanga yalipoondolewa, na arobaini tukaihudhuria. Baada ya hapo tukafanya kama watu wafanyavyo: tulipita nyumbani kwake mara moja moja, tukaketi sebuleni tukielekeana, runinga ikiwa imewashwa, tukampa pole, tukanywa chai, tukaaga. Kila mara alitusindikiza hadi getini na kutushukuru kwa kuja. Kila mara tulirudi tukijua kwamba hakuna kilichosemwa. Baada ya mwaka mmoja alikuwa hatoki tena isipokuwa kwenda kanisani na kufuata pensheni yake. Muuguzi alimpima shinikizo la damu, akakuta limepanda, akampeleka kwa daktari, akapewa vidonge na kuambiwa awe anatembea. Mwalimu akajibu kwamba mtu hutembea akiwa na mahali pa kwenda, naye hana.

Basi Muuguzi akamtafutia mahali pa kwenda. Akamwambia: Moshi, mwezi wa pili, kilomita 21. Mwalimu akacheka. Tulikuwa hatujasikia kicheko chake tangu msiba.

Tulikutana kila Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, Segerea Mwisho, tukaelekea Kinyerezi na kurudi. Wiki za kwanza tulitembea zaidi kuliko kukimbia: dakika mbili za kukimbia, tatu za kutembea, na kila baada ya juma moja au mawili tukiongeza kidogo. Muuguzi, aliyekuwa amesoma habari za mazoezi, alituwekea sheria moja tu. Mbio ndefu ya wiki lazima ikimbiwe kwa mwendo wa kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, umezidisha, punguza. Alitueleza kwamba katika mwendo huo mwili hupata hewa ya kutosha, moyo hujifunza kusukuma damu nyingi kwa mapigo machache, na mishipa midogo huongezeka ndani ya misuli, ilhali anayekimbia kwa nguvu zake zote kila siku huishia kuumia. Kijana alinung'unika. Yeye angeweza kufika Kinyerezi na kurudi sisi tukiwa bado hatujaiona mitambo ya umeme. Lakini alitii, na kwa kuwa mwendo ulikuwa wa kuongea, ilitubidi tuongee.

Mwanzoni tuliongea yale yanayoongewa na kila mtu: Simba na Yanga, bei ya mchele, foleni ya Tabata. Hayo huisha upesi kuliko mtu anavyodhani. Ukiwa na watu walewale saa mbili kila wiki, kufikia wiki ya tano umekwisha kulaumu timu zote na viongozi wote, na bado kuna kilomita saba za kurudi.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, tulipokuwa tumeipita mitambo ya gesi ya Kinyerezi na giza bado halijaondoka, Mwalimu alianza kuzungumza juu ya usiku ule wa mwisho wa mkewe. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Alisema alitumwa dawa nje ya hospitali, akazunguka maduka matatu, akaipata katika la nne, akarudi nayo mkononi na kukuta shuka limevutwa. Ile dawa aliiweka mfukoni. Bado ilikuwa ndani ya koti lililotundikwa nyuma ya mlango, na hakuwa ameweza kulifua wala kulitoa. Alisema hayo kwa vipande vipande, kati ya pumzi na pumzi, kisha akanyamaza kwa karibu kilomita mbili. Nasi tukanyamaza. Hatua kumi za viatu ndizo zilizosikika, na mbwa wa watu.

Tumelitafakari sana jambo hilo. Kwa nini barabarani na si sebuleni? Hatudharau desturi zetu za kuketi na mfiwa mkekani; zimewashika wengi wasianguke. Lakini sebuleni tuliketi uso kwa uso, na mtu anayetazamwa hulazimika kuulinda uso wake. Wanaokimbia bega kwa bega hutazama mbele wote. Hakuna anayeona chozi, na likionekana ni jasho. Tena pumzi humpa mtu ruhusa ya kunyamaza. Akikatisha neno katikati, hakuna anayemwuliza kulikoni. Anavuta hewa, ataendelea akiweza. Na jambo la tatu, pengine kubwa kuliko yote, ni kwamba hakuna anayeweza kuaga. Mgeni wa sebuleni hutazama saa. Aliyeko kilomita ya tisa hana pa kwenda ila kurudi pamoja na wenzake.

Baada ya siku hiyo wengine nao walisema yao. Hayo hatutayaandika; yalisemwa barabarani na yabaki barabarani.

Mwezi Januari tulihamia Pugu, kwa kuwa Segerea haina mlima wa kumwandaa mtu kwa Moshi. Vilima vile vilitunyenyekeza. Mwalimu, ambaye hakosi somo popote, alitukumbusha tukihema kwamba hapo Pugu ndipo Julius Nyerere alipofundisha hadi mwaka 1955, alipoacha ualimu kwa ajili ya siasa. Mama wa vitenge akamjibu kwamba kama Mwalimu Nyerere alikuwa akivipanda vilima hivi kila siku, haishangazi kwamba aliacha kazi. Kuhusu viatu tuseme kwa ufupi: vya Mama vilikuwa vya mitumba, vya Mhasibu vilikuwa vipya na vya bei ya kutisha, na aliyepata malengelenge ni Mhasibu.

Ugomvi wetu wa kweli ulitokea wiki mbili kabla ya safari. Je, siku ya mbio tukimbie wote pamoja, au kila mmoja kwa mwendo wake? Mama alishikilia kwamba tuliotoka pamoja tufike pamoja. Vinginevyo miezi yote minne ilikuwa ya nini? Muuguzi alipinga, akasema kumburuza mwenye mwendo mdogo ni hatari kwa moyo wake, na kumzuia mwenye mwendo mkubwa mlimani kunamchosha kwa hatua zisizo zake. Maneno yakawa makali kidogo. Mwalimu ndiye aliyeyakata. "Mimi si jeneza," alisema, "msinibebe." Tukakubaliana kwamba Kijana na Mhasibu waende kwa nguvu zao, na akina mama wawili, ambao mwendo wao haukupishana sana na wa Mwalimu, wabaki naye kwa hiari yao.

Mbio za Kilimanjaro, zinazofanyika Moshi tangu mwaka 2003, huwa siku ya Jumapili, na mwaka 2024 ziliangukia Jumapili ya pili ya Kwaresima. Tulisafiri kwa basi zaidi ya kilomita 500, tukawahi Misa ya Jumamosi jioni. Mtu mmoja tuliyemfahamu alituuliza kama ni vema kwenda kushangilia medali wakati wa mfungo. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba yeye amefunga tangu mwaka 2022, na kesho anakwenda kufungulia.

Alfajiri, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, mlima ulikuwa wazi kabisa, theluji yake ikianza kupata rangi. Baadaye mawingu huufunika, kwa hiyo anayeamka mapema hupewa kitu ambacho wa saa nne hakioni. Tukaanza. Njia ya kilomita 21 hupanda kuelekea Mweka kati ya migomba na kahawa, kisha hugeuka na kushuka. Moshi iko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na mapafu yaliyozoea Dar es Salaam huona tofauti. Watoto walisimama kando ya barabara wakinyoosha viganja wapigwe. Katika mpando ule mwendo wa kuongea haukuwapo tena. Watatu wale walikwenda kimya, wakitembea palipokuwa pakali, wakigawana chupa moja ya maji kwa kupokezana bila kuombana.

Wengi hudhani kushuka ni kupumzika. Kwa kweli misuli ya mapaja huteseka zaidi katika kushuka, kwa sababu inafanya kazi ya breki kila hatua, na yanayoumia siku mbili baadaye ni matunda ya mteremko. Mwalimu aliujua mteremko ule kuanzia kilomita ya kumi na tano. Mtu mmoja pembeni, kwa nia njema, alimpigia kelele kwamba amkumbuke John Stephen Akhwari, yule mwenzetu aliyeanguka na kuumia goti katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Mwalimu alikuwa mtoto wa miaka tisa mwaka huo, naye hapendi simulizi hiyo inavyotumika. Husema watu wanalikumbuka goti na kusahau kwamba Akhwari alikwenda kule kushindana.

Kijana alimaliza kwa saa moja na dakika 48, Mhasibu kwa saa mbili na dakika tano. Walikunywa maji, wakatazamana, wakatoka tena uwanjani wakiwa na medali shingoni, wakarudi kinyume pembeni ya barabara. Jambo hilo halikuwa katika makubaliano yetu. Waliwakuta watatu wale kilomita mbili kabla ya mwisho, wakageuka, wakaingia katika mstari. Hakuna aliyesema lolote. Tulifika saa tatu na dakika nne tangu kuanza. Mwalimu aliketi kwenye nyasi, akavua kiatu cha kushoto, akaukagua ukucha uliokuwa umegeuka mweusi, akasema mkewe angemcheka sana.

Mwezi Agosti mwaka huohuo tulikimbia mbio za benki ya CRDB hapa Dar es Salaam, ambazo fedha zake zimekuwa zikisaidia matibabu ya moyo ya watoto katika Taasisi ya Jakaya Kikwete. Njia ni tambarare, lakini unyevunyevu wa pwani ni mlima wa aina yake. Mama wa vitenge alituacha wote isipokuwa Kijana. Mwezi Aprili 2025 tukaenda Karatu, kutoka lango la Ngorongoro, tukiwa wanne. Kijana alikuwa amepata kazi Mwanza. Tulifurahi kwa ajili yake, na safari nzima ya basi kiti chake tulikiwekea mizigo.

Tusiwadanganye wasomaji. Mwalimu bado anameza vidonge vyake kila siku, na Muuguzi humfokea mtu yeyote anayedai kwamba mbio zinatosha badala ya dawa. Anawataka pia wenye umri wajionyeshe kwa daktari kabla ya kuanza. Nyumba ya Mwalimu bado ni kubwa kwa mtu mmoja. Koti lile amelifua, ila hajatuambia dawa aliifanyia nini, na hatujamwuliza.

Sasa tuko watano tena. Amejiunga jirani mmoja, mama aliyefiwa na mwanawe mwaka jana. Hufika Segerea Mwisho kabla yetu sote, akiwa amevaa kanga juu ya suruali ya michezo. Anakimbia vizuri. Kwa wiki sita sasa hajasema zaidi ya kutuamkia, na Mwalimu hukimbia upande wake wa kulia, akitazama mbele.