Kumpima Muuzaji wa Kioo cha Kielektroniki

Yafaa mwalimu ajifunze kuwapima wauzaji kabla ya kuipima bidhaa. Kioo chenye skrini nyuma yake huonyesha sura na maandishi pamoja. Kwa hiyo mimi hukijaribu mchana, madirisha yakiwa wazi, maana nuru kali hufifisha maandishi. Kisha humwuliza kila muuzaji: vipuri viko wapi, ada ya kila mwezi ni kiasi gani, na picha za kamera huhifadhiwa na nani? Picha za watoto ni amana.

Tena ukubwa wa kampuni si dhamana. Lululemon ya Kanada iliinunua Mirror, kampuni ya vioo vya mazoezi, mwaka 2020 kwa dola milioni 500. Mwaka 2023 ikatangaza kuacha kuviuza. Asiyejibu kwa maandishi asipewe fedha za wazazi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.