Nyumba ya Bibi haivunjwi!

KAMA wewe ni mtoto wa mjini na unadhani nyumba ikichakaa dawa yake ni nyundo, fika Mpanda, tafuta usafiri wa Mishamo, ukapate somo.

Mishamo haina bahari wala maghorofa. Ni makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 katikati ya pori la miombo, kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Wakafyeka, wakalima, wakajenga.

Nilifikia kwa bibi mmoja. Mjukuu wake, fundi mwashi, alikuwa anamwongezea vyumba viwili. Nyumba yenyewe ni ya udongo, aliijenga marehemu mumewe kwa mikono yake. Kijana hakugusa kitu kabla ya kuuliza.

"Bibi, tuongeze upande gani?"

"Nyuma huko, mjukuu wangu. Mbele mwachieni babu yenu."

Basi fundi akaacha uchochoro wa hatua mbili, maana ukichimba msingi ubavuni mwa ukuta wa udongo unaulegeza. Bati jipya akaliweka chini kidogo ya paa la zamani, akaliinamisha upande wa pili ili maji ya mvua yasiloweshe ukuta wa mzee. Tofali za kuchoma hakuzipiga lipu, rangi zikaendana.

Sasa sikia ya Ulaya. Mwaka 1929 mama mmoja, Eileen Gray, alikamilisha nyumba ya kisasa ufukweni Roquebrune-Cap-Martin, Ufaransa, na mpaka leo wasanifu wanaisifia. Miaka michache baadaye Le Corbusier, msanifu mwenye jina kubwa, akaja kama mgeni, akajaza mapicha ukutani bila ridhaa ya aliyeibuni. Mama wa watu alichukia kweli kweli. Usomi wote ule, lakini adabu ya kuuliza hakuna!

Mishamo wana sababu ya kuwa makini. Walikubaliwa uraia wa Tanzania, lakini wakaambiwa wahamie mikoa mingine. Nani angechoma tofali za nyumba atakayoiacha? Mpango huo uliwekwa kando, na vyeti vya uraia vikaanza kutolewa mwaka 2014.

"Mwanangu," bibi aliniambia, "chumba kikiongezwa hapa, ujue tunabaki."

Ndiyo maana babu haondolewi mbele. Bila yeye kuanza, wajukuu wangeongeza kwenye nini?

Nawe, kabla hujabandika hata choo kwenye nyumba ya wazee, uliza kwanza. Haina gharama hiyo!