Dawa ya Mwenye Upinde

Mwaka 1982 kila mwanaume wa kijijini kwetu alikuwa na upinde. Wazee waliokwisha kuusahau waliushusha darini, vijana wakachongewa mpya, na hata mwalimu wetu wa hesabu alionekana jioni akipita na podo begani. Tulikaa upande wa Magu, mashariki ya Mwanza mjini, karibu na pale Mto Simiyu unapoingia Ghuba ya Speke. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, lakini bunduki nyingi zilibaki mikononi mwa watu, na wezi wa ng'ombe wakawa hawaogopi tena fimbo wala mbwa. Kituo cha polisi kilikuwa mbali. Ndipo kutoka Kahama na Shinyanga likatufikia jeshi la wanakijiji wenyewe, Sungusungu.

Lilikuwa na ntemi wake, katibu, kamanda na askari. Serikali ilikuwa imefuta utemi mwaka 1963, nao ukarudi usiku kwa mlango wa zizi. Filimbi ikilia, au mwano, yowe la hatari, ukipigwa, kila mwanaume alitoka mbio kuelekea sauti iliko. Aliyebaki amelala alitozwa faini, na akirudia alitengwa: hasalimiwi, hapewi moto, hachotewi maji.

Upinde peke yake haukutosha. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikubaliwa kuwa askari baada tu ya kuchanjwa. Nilimwona asubuhi yake amekaa kwenye kigoda, mikono ameiweka juu ya magoti kama mtu aliyeungua. Wembe ulikuwa umepita kwenye viwiko, kifuani na juu ya nyusi, chale mbilimbili, na ndani ya kila chale umesuguliwa unga mweusi. Hiyo ndiyo lukago, dawa ya kinga. Alikuwa na miiko yake na aliishika kuliko alivyowahi kushika kitu chochote. Nilimwonea fahari. Sisi watoto tulijichora chale kwa mkaa tukakimbizana kwenye mashamba ya pamba tukipiga mwano, tukiamini kwamba mwizi hawezi kutuona.

Imani hiyo haikuanza na Sungusungu. Kila baada ya mavuno tulikwenda kwenye ngoma za Wagika na Wagalu, vikundi viwili vilivyoanzia kwa waganga wawili walioshindana katika karne ya 19, Ngika na Gumha. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Manju mzuri alisifiwa kwa wimbo wake, na kwa dawa yake vilevile. Watu waliijadili hadharani: ya huyu imetoka wapi, ya yule imezidiwa na nini. Hakuna aliyenong'ona. Darasani nako tulifundishwa habari za Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe na maji yake ya kinga ya mwaka 1905, na mwalimu alizisimulia kwa sauti ya kishujaa. Dawa ilikuwa heshima, alimradi imo mwilini mwa mwanaume mwenye silaha.

Jirani yetu alikuwa mjane. Tulimwita mayu, yaani mama, tukampigia goti kwa salamu ya "mwadila", naye alitupa michembe ya viazi ya kutafuna njiani. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwetu hilo peke yake lilitosha kuwa ushahidi wa uchawi. Kuni zilikuwa zimekwisha zamani. Miti ilifyekwa kwa ajili ya pamba na kwa kumfukuza mbung'o. Wanawake walipikia mabua, vijiti vya pamba na samadi kavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mtu anainama, anapuliza, moshi unampanda usoni, na hufanya hivyo asubuhi na jioni tangu usichana mpaka uzee. Siku moja nilimkuta mama na kioo kidogo cha baba cha kunyolea ndevu, anavuta kope la chini kwa kidole, anajitazama.

Kati ya 1970 na 1984, kwa hesabu za serikali, watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa 2,286, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ni ya kwetu, Mwanza na Shinyanga. Serikali ilipojaribu kuyazima mauaji hayo mwaka 1976 kwa msako mkali, watuhumiwa waliteswa na wengine wakafia mikononi mwa dola. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu mwaka 1977. Kijijini hesabu hizo hatukuzijua. Tulijua tu kwamba mapanga hutembea usiku.

Jina la mayu lilipoanza kutajwa, mama alimsubiri mjomba uani.

"Mdogo wangu, hiyo dawa uliyochanjwa umeipata kwa nani?"

"Kwa mfumu, mganga wetu, dada. Unamjua."

"Mngeikuta hiyohiyo chini ya kitanda cha mayu, mngeiitaje?"

Mjomba alisema doria inamsubiri, akachukua podo lake.

Dagashida, baraza la Sungusungu, iliketi chini ya mkwaju. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mpwa wa marehemu mume wa mayu. Hawakumuua, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo, walimwambia aondoke. Alikwenda Sengerema kwa binti yake, kwa kivuko cha Kigongo, na kitoto kimoja cha mbuzi. Msimu uliofuata shamba lake la kando ya mto, lenye udongo mweusi kuliko yote kijijini, lililimwa na yule mpwa.

Ng'ombe nao walirudi. Sitaki kulificha hilo. Mjomba na wenzake walifuata kwato mpaka Maswa wakarudi na kundi zima, na wanawake walipiga vigelegele, mama akiwemo. Rais Nyerere aliwaunga mkono Sungusungu, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Walistahili. Ila walewale waliojua, kwa ngozi zao wenyewe, kwamba dawa hutafutwa na mtu mwenye hofu, hawakumpa mwanamke mzee nafasi hata ya kuogopa.

Nimekwenda mara nyingi Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Zipo ngoma za watemi, lipo banda la Wagika na Wagalu, ipo nyumba ya mganga. Wanafunzi huletwa, huelezwa, huuliza maswali mazuri. Natamani lijengwe pale jiko moja la zamani, la udongo, bila dirisha, liwashwe samadi, na kila mwanafunzi wa kiume aambiwe aingie apulize moto mpaka maji yachemke, kisha atoke atazamwe macho na wenzake.