Miti ya ziwa: kutoka Kavimvira hadi Kalundu



Siku moja ya posho, wamama saba tulitoka alfajiri kwenda kuokota miti kando ya ziwa. Majirani walitucheka: mama mzima anaamka mapema kutafuta miti, na si ya kupikia! Leo tunawaeleza kwa nini tulikwenda na tulichojifunza njiani.

Mnalijua lile tangi la vioo katika chumba chetu cha mkutano, pale watoto wanapotungojea tukiwa kwenye likelemba. Fundi wa vioo alitutengenezea kwa mabaki ya madirisha. Mvuvi mmoja akatupa samaki wanane wadogo, wale wanaokaa kati ya mawe, tukawawekea mchanga, mawe na maji ya ziwa. Watoto walipenda sana. Hata wale wenye fujo walikuwa wanakaa mbele ya kioo wakitazama bila kusema.

Kisha tukataka kupamba. Tulichukua mguu wa kiti cha zamani, mti mzuri wenye verni inayong'aa, tukauingiza majini. Siku ya tatu samaki watano walikuwa wakielea juu, wamekufa. Mtoto mmoja wa miaka sita akatuuliza: "Ni nani amewapa sumu?" Tulitazamana. Ni sisi tuliowapa.

Ndiyo sababu ya safari yetu. Tulitaka kutengeneza pambo upya, lakini safari hii tukijua kila mti umetoka wapi.

Tulianzia Kavimvira, upande wa kaskazini wa Uvira. Hatukushuka pwani mpaka jua lilipopanda vizuri, kwa kuwa viboko hutoka usiku kula majani na kurudi majini asubuhi, na mamba wako pia. Mama anayepeleka watoto kuokota miti asisahau jambo hilo: watoto wakae mbali na maji, na mtu mkubwa atangulie.

Pwani ile imejaa miti, nayo haikuota pale. Mto Ruzizi unatoka ziwa Kivu, unashuka kupitia bonde lote hadi unaingia Tanganyika karibu na hapa kwetu, na mvua ikinyesha sana unabeba matawi na mizizi. Mito midogo ya milimani nayo inaleta yake. Mti ukishaingia ziwani, mawimbi yanauvua maganda, mchanga unausugua, jua linaukausha. Baada ya muda mrefu unakuwa wa kijivu, mwepesi mkononi, laini kama jiwe la mto. Utomvu umekwisha. Mti wa namna hiyo ndio unaofaa kwa samaki.

Tulijipa majaribio matatu. La kwanza, ukucha: ukibonyeza na ukucha ukaingia kama kwenye muhogo uliooza, uache, utaozea ndani ya tangi na kuharibu maji. La pili, pua: mti mzuri haunuki kitu, au unanuka udongo tu. La tatu, kuvunja kijitawi: kikikatika kwa sauti kimekauka; kikipinda bado kina maji ya mti ndani.

Hapo Kavimvira mwenzetu mmoja aliokota tawi zuri lenye vidole vingi kama mkono. Tulipolitazama vizuri, lilikuwa la mnyaa, ule mti wa uzio wenye maziwa meupe, limekatwa juzi tu. Tukalitupa upesi. Maziwa yale ni sumu ya samaki tangu zamani, na yakiingia jichoni mwa mtoto yanaweza kumwumiza vibaya sana. Wamama wenye uzio wa mnyaa kwenye parsele, wafundisheni watoto wasiuchezee. Tuliacha pia mbao za msonobari, kwa sababu ya ulimbo wake, na matawi ya mkaratusi, kwa sababu ya mafuta yake.

Tukaendelea kusini, ziwa mkono wa kushoto na milima mkono wa kuume, mpaka pale mto Mulongwe unapoingia ziwani. Hapo tulikuta bibi mmoja akikusanya kuni. Tulimwamkia, akatuuliza tunatafuta nini. Tulipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alitusaidia. Tulikuwa tumeona mti mrefu umezikwa nusu mchangani, wa kijivu, mzuri kweli, tukaanza kuuchimba. Akatuambia: "Acheni huo. Huo si mti wa ziwa, ni mti wa nyumba."

Tulipoondoa mchanga tukaona tundu za misumari, na upande mmoja rangi ya buluu. Wote tulinyamaza. Mnakumbuka Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika na kubeba nyumba na watu. Hatujui mti ule ulitoka nyumba ya nani, wala mwaka gani. Tuliufunika tena. Hata bila huzuni ile, mti wa nyumba haufai katika tangi: una rangi, kutu ya misumari, na pengine dawa ya mchwa.

Kabla ya kuachana, bibi alituomba neno moja: tusichukue matawi makubwa makavu, maana watu wa pale wanapikia hayo, na makala ni ghali. Ni haki yake. Tangi letu linahitaji kipande kimoja au viwili vya urefu wa mkono, basi. Tulimsaidia kufunga mzigo wake, tukaenda.

Tulimalizia Kalundu, karibu na boti. Miti iko mingi huko pia, lakini popote boti zinapotia mazutu, mti hunywa mafuta kama sifongo. Ukiuchemsha hata siku nzima hayatoki yote. Hatukuchukua hata mmoja. Tulirudi na vipande vitatu: mzizi mmoja uliopinda na matawi mawili ya mti mgumu.

Sasa kazi ya nyumbani, nanyi mtaiweza.

Kwanza, kwangua kila sehemu laini na maganda yaliyobaki, kisha sugua kwa brashi ngumu na maji safi. Usitie sabuni wala javeli, kwa sababu mti huzinywa na kuzitoa polepole ndani ya tangi.

Pili, chemsha saa moja hadi mbili katika sufuria ya zamani isiyopikiwa chakula. Maji yatageuka kama chai. Yamwage, tia mengine, chemsha tena. Watoto wakae mbali na moto. Mti usioingia katika sufuria, umwagie maji ya moto pande zote.

Tatu, uloweke katika ndoo juma moja au mawili, ukibadilisha maji kila siku mbili. Hapo rangi inapungua na mti unakuwa mzito. Ukikataa kuzama, ufunge kwa uzi wa nailoni wa wavuvi kwenye jiwe la bapa. Usitumie msumari wala waya.

Nne, wachongee ncha kali zote, kwa sababu samaki anayekimbia hujikata.

Baada ya siku chache majini, mti unaweza kuota utando mweupe kama pamba. Usiogope. Utoe, usugue, urudishe. Baadaye huacha wenyewe.

Kuna jambo moja zaidi kwa sisi wa Tanganyika. Maji ya ziwa letu si kama ya mto: yana chumvichumvi ya mawe, si machachu, na samaki wake wamezoea hivyo. Mti unapotoa rangi yake ya chai huyasogeza maji kuelekea uchachu. Kwa hiyo weka mti kidogo, uliochemshwa vizuri, na mawe yawe mengi zaidi. Badilisha sehemu ndogo ya maji kila juma. Ukitumia maji ya bomba, yaache usiku kucha katika ndoo wazi ili dawa itoke. Na kila mkono ulioingia katika tangi au ziwani unawe kwa sabuni. Kipindupindu tunakijua hapa kwetu. Maji ya tangi yamwageni mbali na vyombo vya chakula.

Samaki watatu waliobaki ni wa jamii ambayo wataalamu wanaiita Neolamprologus brichardi, jina lililotokana na Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa ziwa hili kwenda nje kutoka Bujumbura. Watu wa Ulaya hulipa pesa kuwa nao vyumbani mwao. Tabia yao moja tuliipenda: watoto wakubwa hawaondoki upesi kwa wazazi, hubaki kulinda mayai na wadogo zao. Mama yeyote mwenye binti wa kwanza anajua maana yake.

Mzizi wetu umekwisha kuloweka siku kumi na nne. Jana tuliuweka katika tangi, kati ya mawe mawili. Yule mtoto wa miaka sita alikuja, akaunusa kabla hatujauingiza, akauliza ulitoka wapi. Tulimweleza njia yote, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, na mti tulioufunika kwa mchanga. Akasema: "Basi wekeni."

Mkutano ujao, mwenye brashi ya zamani au sufuria isiyotumika ailete. Matawi mawili bado yanangojea kuchemshwa, na shule ya jirani imetuomba moja.

Mbaki salama, ninyi na watoto.